Jibu la masi molari limekataa? Soma tofauti

Mwanafunzi akikosa masi molari, kawaida huambiwa arudie. Anarudia, anakosa palepale, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kosa limekaa wapi. Nafundisha kemia masomo ya jioni huku Nyakato, Mwanza, na wengi wanaokuja ni wa kidato cha tatu na cha nne ambao kuzidisha na kujumlisha wanajua vizuri kabisa. Kinachowashinda ni kuisoma fomula. Kwa hiyo kwangu jibu lenye kosa halifutwi. Chukua jibu sahihi, toa la kwako, andika tofauti pembeni. Kila atomi ina masi yake, na atomi iliyosahaulika huacha pengo la ukubwa wake uleule.

Pengo la 16 ni oksijeni moja. La 18 ni maji. La 17 ni OH, la 1 ni hidrojeni, la 96 ni salfeti (SO₄) nzima, la 35.5 ni klorini. Hizo ziweke kichwani kabla hujaendelea.

Kwa aliyesahau mwanzo: masi molari ni masi ya moli moja ya kitu, na huandikwa kwa gramu kwa moli. Moli moja ni chembe 6.02214076 × 10²³, namba ambayo tangu tarehe 20 Mei 2019 imewekwa kuwa kamili. Unahesabu atomi za kila elementi kwenye fomula, unazidisha kila idadi kwa masi atomia, unajumlisha. Masi atomia ni zile ulizopewa kwenye swali. Karatasi ya mtihani wa taifa huwa inazitaja, na kama imeandika Cu = 63.5, usilete 64 ya daftarini kwako.

Jibu ni dogo, na fomula ina mabano

Hapa ndipo wanapoanguka wengi, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua chokaa iliyozimwa, Ca(OH)₂. Ca = 40, O = 16, H = 1. Jibu ni 40 + 2 × 17 = 74. Sasa tazama majibu mengine ninayoletewa.

Aliyepata 57 ana pengo la 17. Ameona OH, akaihesabu mara moja, ile 2 ya nje ya mabano hakuigusa kabisa.

Aliyepata 58 ana pengo la 16, yaani oksijeni moja. Yeye ile 2 ameiona, lakini ameipa hidrojeni peke yake kwa sababu ndiyo iliyo jirani nayo. Amesoma CaOH₂, kama vile mabano hayapo.

Aliyepata 73 ana pengo la 1. Amezidisha oksijeni kwa 2 kisha akasahau kuizidisha hidrojeni.

Watoto watatu, makosa matatu, na kila mmoja anahitaji kuambiwa neno lake. Ukiwaambia wote "rudieni", yule wa 58 atarudi na 58, maana hesabu yake ni sahihi kwa fomula aliyoisoma yeye.

Fomula ikirefuka dalili zinaongezeka, lakini dawa ni ileile. Alumini salfeti, Al₂(SO₄)₃, hutumika sehemu nyingi duniani kugandisha tope kwenye maji ya kunywa, na sisi tunaokunywa maji ya ziwa tuna sababu ya kuijua. Al = 27, S = 32, O = 16:

Al: 2 × 27 = 54
S: 3 × 32 = 96
O: 12 × 16 = 192
Jumla: 342

Ukipata 150, pengo ni 192, yaani salfeti mbili: umehesabu moja badala ya tatu. Ukipata 278, pengo ni 64. Hapo tulia, maana 64 inaweza kuwa oksijeni nne au salfa mbili. Rudi kwenye mistari yako. Kama oksijeni zako ni 12, basi salfa umeihesabu mara moja. Ukipata 214, pengo ni 128, oksijeni nane: 4 ya ndani umeichukua, ukasahau kuizidisha kwa 3 ya nje. Ukipata 315, mabano hayana hatia. Alumini ni mbili nawe umeweka moja.

Ndiyo maana nasisitiza kila elementi iwe na mstari wake. Anayeandika kila kitu kwenye mstari mmoja na kukiingiza chote kwenye kikokotoo kwa mkupuo hana pa kurudi kukagua.

Mabano ndani ya mabano hufunguliwa kutoka ndani kwenda nje. Kwenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu, huku kwetu na kule Geita, dhahabu huyeyushwa kwa sodiamu sayanaidi na kuwa Na[Au(CN)₂]. CN ni 12 + 14 = 26. Ziko mbili, 52. Ongeza dhahabu 197 na sodiamu 23, jumla 272. Mabano ya mraba hayana namba nje, kwa hiyo hayazidishi kitu.

Jibu ni nusu, au karibu na nusu

Umepata CaCO₃ = 50 badala ya 100? Maji 10 badala ya 18? Chumvi ya mezani 28 badala ya 58.5? Umechukua namba atomia badala ya masi atomia. Kwenye kisanduku cha jedwali kuna namba mbili, na ile isiyo na desimali kamwe ni idadi ya protoni. Kalsiamu, kaboni na oksijeni za kawaida zina nyutroni sawa na protoni, ndiyo maana CaCO₃ inaangukia nusu kamili. Kwa chuma haitakuwa kamili: Fe₂O₃ utapata 76 badala ya 160. Kwa elementi nzito nyutroni ni nyingi kuliko protoni, kwa hiyo jibu litashuka chini zaidi ya nusu.

Nusu kamili ina chanzo kingine, nacho ni gesi. Swali linasema "gesi ya oksijeni", wewe ukaandika 16. Oksijeni ya hewani ni O₂, 32. Klorini ya gesi ni 71. Naitrojeni 28, hidrojeni 2.

Jibu ni mara mbili kamili

Uliandika mlinganyo kwanza, ukausawazisha, ukapata 2NaOH, kisha ukasema masi molari ya NaOH ni 80. Ni 40. Namba ya mbele inasema moli ngapi zimeshiriki, haibadilishi moli moja ina uzito gani. Utaitumia baadaye ukitafuta gramu.

Na hapo hapo niwatahadharishe, maana mwanafunzi akishaelewa hili anakwenda kuliharibu sehemu inayofuata: anafuta hata ile 5 iliyo baada ya nukta kwenye chumvi zenye maji. Ile ni sehemu ya fomula. Haifutwi.

Fomula ina nukta katikati

Mrututu, yale mawe ya bluu, ni CuSO₄·5H₂O. Cu = 63.5, S = 32, O = 16. Sehemu ya kwanza ni 63.5 + 32 + 64 = 159.5. Maji matano ni 5 × 18 = 90. Jumla 249.5.

Anayeleta 14,355 amezidisha 159.5 kwa 90. Hesabuni nukta huwa ni alama ya kuzidisha, na mtoto amelelewa hivyo, kwa hiyo simlaumu. Kwenye kemia nukta hii husomwa "pamoja na". Anayeleta 159.5 ameacha maji yote, pengo 90. Anayeleta 185.5 ana pengo la 64, oksijeni nne tena: ameipa 5 hidrojeni tu, akapata 10, akaongeza oksijeni moja.

Wakiuliza kwa nini maji yahesabiwe wakati mrututu ni mkavu mkononi, nawapeleka kwenye moto. Weka gramu 2.50 za mrututu uliosagwa kwenye kikombe cha kaure, pasha taratibu huku ukikoroga kwa fimbo ya kioo. Bluu inaanza kufifia pembezoni, mvuke unatoka, unga unakuwa mweupe wenye rangi ya majivu. Usiuache moto uzidi, maana ukipita kiasi salfeti yenyewe inaanza kuvunjika na unga unageuka mweusi. Acha upoe, pima. Utapata karibu gramu 1.60. Zile 0.90 zilizoondoka ndizo yale maji matano. Kisha dondosha tone moja la maji juu ya unga mweupe: bluu inarudi hapohapo, na kikombe kinapata joto. Baada ya hapo sijaona mwanafunzi akiacha tena maji ya fuwele.

Kosa hili linauma zaidi maabara kuliko kwenye daftari. Tuseme unataka lita moja ya myeyusho wa sodiamu kaboneti wa moli 0.1 kwa lita. Na₂CO₃ isiyo na maji ni 106, kwa hiyo unapima gramu 10.6. Lakini chupa iliyopo kabatini imeandikwa Na₂CO₃·10H₂O, ambayo ni 286, na ulipaswa kupima 28.6. Ukipima 10.6 kutoka chupa ile, myeyusho wako una moli 0.037 tu. Dalili utaiona kwenye taitresheni, yaani kumimina asidi kidogo kidogo mpaka rangi igeuke: umeweka sentimita za ujazo 20 za kaboneti pamoja na methili oranji, unategemea asidi hidrokloriki ya 0.1 ifike 40, na rangi inageuka asidi ikiwa haijafika hata 15. Darasa zima linadhani asidi ndiyo mbovu. Soma lebo ya chupa kabla hujashika mizani, neno kwa neno, mpaka ile nukta.

Kinyume chake kipo pia. Fuwele za kaboneti yenye maji kumi zinapaswa kung'aa kama kioo. Zikikaa kwenye chupa isiyofungwa vizuri, hasa msimu wa kiangazi, hupoteza maji na kuwa unga mweupe unaokaribia Na₂CO₃·H₂O, ambayo ni 124. Lebo bado inasema 10. Ukipima 28.6 za unga huo, myeyusho utakuwa na nguvu zaidi ya maradufu. Hapo masi molari yako ni sahihi kwa lebo, si kwa kilichomo.

Magadi yanayouzwa sokoni kwa kulainishia maharage na mlenda yana nukta mbili. Madini yake makuu ni Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Usiogope: 106 pamoja na 84 pamoja na 36, jumla 226. Yale ya sokoni yana udongo na chumvi nyingine ndani yake, kwa hiyo usiyatumie kutengeneza myeyusho wa vipimo.

Tofauti ni namba isiyoeleweka

Haifanani na atomi yoyote iliyomo kwenye fomula? Angalia alama za elementi. Mg ni magnesi, 24. Mn ni manganisi, 55. Ukizichanganya unapata tofauti ya 31. P ni fosforasi, 31, na K ni potasiamu, 39. Hizi zinachanganywa kwa sababu jina potasiamu linaanza na P. Wanaotoka familia za wachimbaji huwa wanajua Au ni dhahabu, lakini Ag na Hg zinawasumbua: Ag ni fedha, 108, na Hg ni zebaki, 201.

Na herufi kubwa na ndogo si mapambo. CO ni kaboni monoksaidi, 28, gesi ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, inayoua watu. Co ni metali ya kobalti, 59. Mwandiko ukiwa mbaya mwenye kusahihisha atakusomea vinginevyo, na atakuwa na haki.

Tofauti ni nusu, au ni ndogo ya desimali

Umekadiria mapema. Klorini ikiwa 35 kwenye NaCl, unapata 58 badala ya 58.5. Kosa la kukadiria nalo huzidishwa na namba ndogo ya chini. Kwenye kalsiamu haipokloraiti, Ca(ClO)₂, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji, jibu ni 40 + 2 × 51.5 = 143. Ukitumia 35 unapata 142. Pengo ni 1, na mtu anaanza kutafuta hidrojeni kwenye kampaundi isiyo na hidrojeni hata moja. Kabla hujaipa tofauti jina, hakikisha elementi hiyo imo.

Kuna binti aliniuliza, "Mwalimu, hiyo nusu ya atomi inatoka wapi?" Swali zuri sana hilo. Hakuna atomi ya klorini yenye masi ya 35.5. Kuna aina mbili, ya 35 na ya 37, na kwenye klorini ya kawaida ile ya 35 ni kama asilimia 76 na ya 37 ni asilimia 24. Wastani wake unaangukia 35.5. Shaba nayo ni hivyohivyo, mchanganyiko wa 63 na 65, ndipo ikaja 63.5. Kwa hiyo desimali za elementi hizi mbili ziache zilivyo mpaka mwisho wa hesabu.

Hesabu ni sahihi, myeyusho ndio unakataa

NaOH ni 40. Umepima gramu 4.0, umejaza mpaka lita moja, na bado taitresheni inasema ni pungufu ya 0.1. Usirudie masi molari. Vipande vya NaOH vinanyonya maji kutoka hewani, na huku kando ya ziwa msimu wa mvua ukifungua chupa na kuongea na mwenzako, ukigeuka vimeshalowa. Vinanyonya pia kaboni dioksaidi na kugeuka kaboneti kidogo kidogo. Ulichopima ni gramu 4.0 za NaOH, maji na kaboneti kwa pamoja. Pima haraka, funga chupa, kisha upime ukolezi wa myeyusho wenyewe kwa asidi unayoijua. Asidi oksaliki inafaa, ila kumbuka ile ya chupani kwa kawaida ni H₂C₂O₄·2H₂O, 126, siyo 90.

Sina jibu sahihi la kulinganisha

Hii ndiyo hali halisi kwenye mtihani. Usitegemee asilimia za elementi zikijumlika 100 kuwa ushahidi. Ukizigawa kwa masi uliyoipata mwenyewe zitajumlika 100 hata kama umekosea. Kinachosaidia ni kupita njia ya pili. Kama kwanza ulihesabu elementi moja moja, sasa hesabu kwa vipande. Amonia salfeti, (NH₄)₂SO₄: kipande cha NH₄ ni 18, viko viwili, 36; salfeti 96; jumla 132. Kwa elementi: 28 + 8 + 32 + 64 = 132. Zikikubaliana bila wewe kuzilazimisha, endelea mbele.

Njia nyingine ni kitu cha nje kinachojulikana. Yurea ni CO(NH₂)₂, 12 + 16 + 2 × 16 = 60. Naitrojeni ni 28 kati ya 60, asilimia 46.7, na mfuko wa yurea umeandikwa 46. Aliyeisahau ile 2 ya nje ya mabano atapata masi ya 44 na naitrojeni 14, asilimia 32. Mfuko wenyewe utamkatalia.

Tofauti ni sifuri, lakini kampaundi siyo yenyewe

Hapa kusoma tofauti hakukusaidii, na ni vizuri ujue. DAP, mbolea ya kupandia, ni (NH₄)₂HPO₄. Ihesabu: 28 + 9 + 31 + 64 = 132. Sawasawa na amonia salfeti, ile SA ya kukuzia. Hata asilimia ya naitrojeni inalingana, 28 kati ya 132, yaani 21.2. Sababu ni kwamba salfa ni 32, na fosforasi 31 ikishika hidrojeni moja nayo inafika 32. Ukiwa umeandika fomula ya moja mahali pa nyingine, jibu litatoka sahihi na wewe utaondoka na amani ya bure.

Ukitumia masi zenye desimali zinaachana kidogo: SA ni 132.13 na DAP ni 132.06. Kwa namba za shuleni hazitaachana kamwe, kwa hiyo katikati ya fomula lazima utazame kwa jicho lako kama kuna S au P. Mwenye majaruba ya mpunga Magu au Misungwi akipewa SA wakati wa kupanda akidhani ni DAP, naitrojeni ameweka, lakini fosforasi ambayo mizizi michanga inaihitaji hajaweka hata gramu moja.